Cheti Kilichofunikwa Jina

Kwenye mafunzo ya Jumatano hospitalini, Mzee Kalamu, kama madaktari vijana walivyomwita, alikaa safu ya nyuma kama kawaida yake, viti vya kulia na kushoto vitupu. Tangu afiwe na mkewe, hata mezani nyumbani hukaa hivyo hivyo.

Siku hiyo mfamasia, binti mpole asiyepandisha sauti, alibandika ukutani cheti cha dawa. Jina la daktari alikuwa amelifunika kwa plasta. Akaeleza kwamba mama mmoja mshonaji, anayetumia dawa ya kuzuia damu isigande, aliandikiwa juu yake dawa ya fangasi. Hizo mbili hazipatani: ya pili huizidishia nguvu ya kwanza. Siku ya sita mama akaletwa akitokwa damu. Aliponea chupuchupu, na mpaka leo yuko wodini.

Mzee Kalamu hakuhitaji jina. Mwandiko ulikuwa wake, ule wa kukimbia kama kuku aliyemwagiwa maji.

"Huyu aliandika huku anaota," kijana mmoja akatania, wakacheka. Jirani yake hakucheka. Alimgeukia mfamasia. "Na nyinyi pale dirisha la dawa mkatoa tu? Si mngeuliza?"

Binti akainamisha kichwa, akasema dirishani nako kulikuwa na kosa. Hakutazama safu ya nyuma.

Mzee alikumbuka. Siku ile ile alipoandika cheti, binti alimpigia simu kuuliza, naye akamjibu kwamba yeye alianza kuandika dawa kabla binti hajazaliwa, kisha akakata. Sasa ilikuwa imebaki miezi miwili astaafu na jina lake safi. Kunyamaza tu kungetosha.

Akasimama, magoti yakilia.

"Cheti ni changu," akasema. "Na aliuliza. Mimi ndiye niliyemkatia simu."

Hakuna aliyecheka tena. Hakuna aliyemlaumu pia, na hilo likamchoma zaidi. Walitoka mmoja mmoja, wakimpita kama watu wanaompita mfiwa wasijue la kusema.

Mfamasia akabandua karatasi. "Pole, mzee. Sikutaka..."

"Pole si yangu, mwanangu. Yuko kitanda namba ngapi?"

"Kumi na moja. Hajaambiwa chochote."

Akaitikia kwa kichwa. Akafunga vifungo vya koti lake jeupe, akapanda ngazi za wodini peke yake, mkono ukutani, akitafuta neno la kuanzia.