Taa ya Brígido Ilivyozimwa

Kwa miezi minne Brígido Abreu aliunguza balbu kama mtu anayekaanga karanga. Kila baada ya wiki mbili taa ya mbele ya pikipiki yake ilikufa. Huko kwao Constanza, bondeni kati ya milima, ukungu wa Desemba hukaa mpaka saa tatu asubuhi, na mwendesha pikipiki asiye na taa si mtu. Wenzake kijiweni wakampa jina: Kipofu.

"Kipofu, njoo nikushike mkono uvuke barabara," mwenzake Nepo alizoea kumwambia mbele ya abiria. Wote walicheka, na abiria akapanda pikipiki ya Nepo.

Mwisho Brígido akaenda kwa Yudelka, fundi wa kike aliyekuwa na karakana nyuma ya soko. Yudelka alikataa kumuuzia balbu kabla hajapima umeme.

"Balbu zako hazina kosa, kaka. Regyuleta, kidhibiti umeme, ndiyo imekufa. Umeme unaingia kupita kiasi, ona kioo cha balbu kilivyokuwa cheusi."

Akabadilisha regyuleta, kisha akapachika balbu mpya akiwa ameishika kwa kitambaa safi. "Usije ukakigusa kioo kwa vidole vyako vya mafuta. Kikipata mafuta na kikapata moto, kinakwisha. Ukiitunza, hii itakaa mwaka."

Brígido akarudi kijiweni kifua mbele. Mchana kweupe akawasha taa na kuwamulika usoni mmoja mmoja. "Haya, nani kipofu sasa?" Nepo alikinga macho kwa kiganja, akatabasamu.

Kesho yake ukungu ulishuka mzito kama uji. Brígido aliegesha pikipiki kijiweni, akaenda kupanga foleni ya chai ya tangawizi. Hakukaa zaidi ya robo saa. Aliporudi alimkuta jirani yake, Bi Ercilia, mchumaji wa stroberi, amekwisha kusimama kando ya pikipiki na ndoo yake mkononi.

"Twende mwanangu, msimamizi ananifokea nikichelewa."

Wenzake walikuwa kimya isivyo kawaida yao. Mmoja alijiziba mdomo kwa skafu. Brígido alibonyeza swichi ya taa, akaondoka.

Kwenye kona ya darajani lori la kabichi lilitokea ndani ya weupe ule, likiwa katikati ya barabara. Brígido alirushwa mtaroni, akavunjika vidole viwili. Bi Ercilia aligongwa na bampa. Nyonga yake ilivunjika vibaya, na alilia kwa sauti ambayo Brígido hakujua kwamba mwanamke yule anayo. Dereva wa lori aliapa kwamba hakuona taa yoyote mbele yake. Nepo naye alipoulizwa na polisi alisema, "Huyu siku zote anaendesha gizani, afande. Tumemwonya mpaka tumechoka." Siku ileile kijiwe kikamfukuza.

Yudelka ndiye aliyeikokota pikipiki mpaka karakana. Alipofungua taa akamwonyesha Brígido kitu kiganjani: balbu kuukuu, nyeusi kama sufuria ya kuni, uzi wake umekatika.

"Hii siyo niliyokuwekea juzi."

Brígido alikwenda kijiweni kwa miguu, mkono ukiwa kwenye bandeji. Nepo hakukana kwamba aliibadilisha balbu.

"Ulikuwa utani, bwana. Tulitaka askari wa barabarani akusimamishe pale sokoni, tukucheke kidogo. Nani alijua utapita njia ya darajani?"

"Mama wa watu hatembei tena, Nepo."

"Basi nenda kaseme. Sisi tuko tisa, na wewe ni Kipofu." Wengine walitazama viatu vyao. Hata mmoja hakucheka.

Brígido akaenda hospitali. Bi Ercilia alilala chali, amekonda ndani ya juma moja. Brígido alimweleza yote, kuanzia foleni ya chai mpaka balbu ile nyeusi. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kabla hatujaondoka," akamuuliza, "uliinama ukaitazama taa kama inawaka?"

 Brígido alikumbuka kidole chake kwenye swichi, na jinsi alivyokuwa akiwafikiria wale watu nyuma yake, kwamba wanamwona akiwasha taa.

"Sikutazama, mama."

"Basi niache nilale."

Aligeuza uso ukutani. Mwanawe, aliyekuwa ameketi kando ya kitanda, alisimama, akamfungulia Brígido mlango, akamwomba asirudi.

Mwezi wa tatu Bi Ercilia alianza kutembea kwa magongo, na kila Jumanne alikuwa na miadi kliniki. Brígido, ambaye sasa alibeba magunia ya vitunguu saumu ghalani, alimwona akipita barabarani, ameketi upande kwenye pikipiki, magongo yamelazwa mapajani. Aliyempakia alikuwa Nepo. Alimwendesha polepole kwa uangalifu mkubwa, na watu njiani walimsifu kwa moyo wake mwema.