Msumari wa Sebuleni

Wewe umewahi kumvalisha mtoto gauni jeupe, akalichafua, ukamvalisha tena, na mgeni yuko njiani? Kama umewahi, basi unajua kwamba mikono huchoka kabla ya moyo. Mimi siku ile nilichoka vyote viwili, ila sikuonyesha. Mwenye kuagiza picha alikuwa amelala chumba cha uani, na masikio yake yalikuwa bado mazima.

Ni binti yangu aliyeitaka. Ugonjwa ulikuwa umemla mpaka bangili yake ikawa inapanda na kushuka mkononi kama mgeni asiyejua akae wapi. Alisema hivi tu: "Mama, nataka picha na wanangu. Mpiga picha aje hapa, mimi siwezi kwenda." Nikamjibu, itakuwa.

Wanawe ni wawili. Mkubwa, msichana, tulimwita Chiriku, kwa kuwa mdomo wake haukujua likizo. Mdogo, wa kiume, ndiyo kwanza alikuwa amejua kukimbia bila kuanguka. Huyo nilimwita mume wangu, naye alinitendea kama mume kweli: kazi yake ilikuwa kuuliza chakula kiko wapi.

Mume wangu hakunisumbua. Nilimwogesha, nikampaka mafuta mpaka paji la uso likang'aa kama sahani, nikamfunga vifungo vyote vya shati.

"Bibi, shingo imekwisha," akalalamika.

Nikamfungulia kile cha juu.

Chiriku ndiye aliyekuwa na lake. Tangu kuamka hakusema neno, na kimya kingi kina mshindo. Nilimsuka, nikaenda kutazama pasi. Kurudi, misuko yote imefumuliwa, nywele zimesimama kama zimeona nyoka. Nikamsuka upya. Nikamvika gauni, akaenda kulipangusia masizi ya sufuria, kifuani hasa, mahali pa kuonekana. Nikalifua pale pale, nikalikausha kwa pasi, mvuke ukinipanda usoni. Kisha kiatu kimoja kikapotea. Tulikitafuta chini ya vitanda mpaka nikakikuta ndani ya pipa la maji, kimetulia chini kama chura aliyechoka.

"Mjukuu wangu, leo una nini?"

"Sina kitu."

"Mama yako anakungoja."

"Na angoje."

Sikumpiga. Nilikikamua kile kiatu, nikamvisha kikiwa kibichi, nikaenda kwa mama yake.

Gauni la bluu lilikuwa lake la kutokea. Sasa lingemwingia yeye na mwenzake, wakabakiza nafasi. Nikalikusanya mgongoni, nikalishika kwa vibanio vya kuanikia nguo.

"Mama," akasema, "umenianika."

"Basi kauka upesi, mpiga picha keshafika."

Tukacheka mpaka kikohozi kikatuingilia. Nilipofungua mlango kumtoa, bawaba zililia. Siku hizo ulifunguliwa kwa nadra, hasa saa za kula. Yeye mwenyewe ndiye aliyetaka ufungwe, kwa kuwa harufu ya chakula, alisema, inamchafua roho. Kwa hiyo sisi tulikula jikoni, na yeye kule, sahani yake ikirudi karibu kama ilivyokwenda.

Mpiga picha alikuwa mtu mnene mwenye sauti nyembamba. Alikuwa amekwisha kupanga viti sebuleni, chini ya ukuta wa picha. Pale yupo marehemu mume wangu na kofia yake, yupo mama yangu mzazi, yupo mwanangu aliyekuwa dereva. Nyumba yetu ina desturi yake, niliirithi kwa mama: aliye hai hatundikwi. "Aliye hai mwite umwone," alikuwa akisema, "wa nini kumpigilia msumari?" Kila Jumamosi nilipopangusa vile vioo, Chiriku alinishikia kitambaa, nami nikamtajia: huyu babu yako, huyu mjomba, wametangulia.

Na juzi yake nilikuwa nimepigilia msumari mpya, kando ya mjomba wao. Sikumwambia mtu ni wa nini. Hata mwenyewe sikujiambia.

"Haya, familia!" akaita mpiga picha. "Mama katikati. Bwana mdogo mapajani. Na wewe, binti mrembo, sogea, kamera yangu haina meno."

Chiriku akasogea, halafu akageuka akampa mgongo.

"Aa, mgongo sipigi mimi. Nauza sura tu."

Hakuna aliyecheka. Binti yangu akaunyoosha mkono wenye bangili, akamgusa bega. "Basi nigeukie mimi, mwanangu."

Akageuka. Mashavu yalikuwa yameloa, na poda niliyompaka imefanya mifereji. Akanyoosha kidole juu ya vichwa vyetu, kwenye msumari mtupu.

"Ule wa nani?"

Kisha akamtazama mama yake.

"Ukipigwa picha, Bibi atakuweka pale. Na wa pale hawashuki."

Picha hiyo ninayo hadi leo, na Chiriku sasa anawasuka wanawe. Vibanio havionekani. Mume wangu anatazama pembeni, kama aliyesikia mtu anafungua kabati. Kioo kimekula mvuke miaka mingi, na upande wa kushoto pana tone la mafuta ambalo halifutiki. Siku hizi silisugui tena. Binti yangu hakuumaliza mwezi ule.

Lakini sebuleni siku ile alikuwa hai, na mtoto wake amenyoosha kidole. Nikaleta koleo, nikapanda juu ya kiti. Msumari ulikataa kidogo, kisha ukatoka na unga wa chokaa. Nikautia katika kiganja cha Chiriku, akaufumba. Mpiga picha alikuwa akifuta kioo cha kamera kisicho na vumbi.

Binti yangu hakuutazama ukuta. Alikuwa akitazama mlango wa jikoni, uliokuwa wazi, na meza yetu na viti vyake.

"Mama," akasema, "haikuwa harufu. Nilikuwa nasikia vijiko vyenu, nikashindwa kuvumilia. Picha uitundike jikoni, usawa wa meza. Mimi nataka kukaa nanyi mkila."