Bunduki Ilipoishiwa Hewa

Bosi wa machinjio alikuwa mtu wa kuchoshwa na kila kitu. Wiki ile alichoshwa na skrini ya ukumbini, iliyosema kila dakika mnyororo uko wapi na bunduki ya hewa ya kuwazimisha ng'ombe fahamu kabla ya kuchinjwa ina hewa kiasi gani. "Inapayuka kama mke mwenza," alimwambia fundi wa kompyuta. "Inyamazishe."

Fundi, binti aliyelelewa na mjomba wake mchinjaji, akaongeza sharti kwenye skripti, ile orodha ya amri zinazoiendesha skrini: kazi ikiendelea, maneno yote yatupwe, ikiwa ni jaribio, yaonekane. Sasa, amri za kompyuta husemea milango miwili, mmoja wa porojo za kawaida, mmoja wa hatari. Yeye kwa haraka zake akafunga yote miwili. Akajaribu, skrini ikasema vizuri, maana lilikuwa jaribio. Haraka haraka haina baraka, tunaimba tangu utotoni, na nani husikia?

Asubuhi ya pili mjomba, aliyeitwa Pigo Moja, alimpiga fahali wa kwanza kwa bunduki kwenye paji la uso. Fahali akaanguka. Mnyororo ukamnyanyua kwa mguu wa nyuma, na huko juu akazinduka. Alirusha mateke mpaka kulabu ikachomoka, akatua kwa miguu yake, akamkandamiza mzee ukutani. Pembe iliingia chini ya mbavu, ikatoka, ikaingia tena. Fundi alikimbia kuzima mitambo akipiga mayowe. Mfanyakazi mwenye kisu cha kuchinjia alimkata fahali koo, na damu ya wawili ikaenda kwenye mfereji mmoja. Mjomba alikata roho kabla ya kulazwa chini.

Sakafu haijaoshwa, bosi akawakusanya wafanyakazi. "Macho ya mzee yalikwisha," alisema. "Alilenga vibaya, basi."

Mke wa mjomba alikuwa amefika, unga bado mikononi. "Miaka thelathini hajarudia pigo," alisema.

Bosi akamnong'oneza fundi, "Wewe kaa kimya, nitakulinda." Na kweli angeweza kukaa kimya. Maneno yaliyotupwa hayakuhifadhiwa popote. Ni yeye na bosi tu walioijua siri hiyo. Angemzika mjomba na lawama zake, akarudi kula kwa mama huyo huyo, mjane wake. Alijichukia kwa kuliwaza hilo hata kidogo.

Bunduki ilikuwa na hewa ile ile kidogo ya asubuhi, haijaguswa. Aliendesha skripti kama kazini, skrini ikabaki tupu. Akaiendesha kama jaribio, maandishi mekundu yakajaa. "Ilikuwa inasema," aliwaambia wote. "Bosi aliniambia niinyamazishe, nami nikaiziba hata pasipostahili kuzibwa. Mjomba hakukosea."

Mama alimfuata akampiga kofi la mdomo, kisha ngumi, kisha ngumi nyingine. Jino likadondoka kwenye vigae vya sakafu. Watu wakataka kumshika.

"Mwacheni," fundi alisema.

Mama akasimama, akihema, unga na damu vidoleni. Hakujua kusoma. Akaielekezea skrini kidole.

"Inasemaje?"

"Presha ya hewa ndogo. Usipige."

"Kwa sauti. Huyu bwana hapa asikie."

Fundi akatema damu, akasoma tena. Bosi aligeuka kuondoka, lakini mwenye kisu alikuwa amesimama mlangoni, na hakumpisha.

"Tena," mama alisema.