Diploma Katika Sanduku la Angélique

Mambo yaliharibika Jumamosi, tarehe 13 Septemba 2025, saa nne za asubuhi, siku ya kufunga kilio cha Angélique katika mtaa wa Kasungami. Floribert, mume wa marehemu, alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, moyo umemjaa nyongo. Siku mkewe alipokufa, daktari alifika kazini saa sita za mchana, ilhali mgonjwa alizidiwa tangu alfajiri. Nani alimwadhibu? Hakuna. Wakubwa hawaadhibiani.

Ndugu za marehemu, watu wa upande wa Sakania, walileta sanduku lake katikati ya uwanja. Kwa desturi yao, vitu vya marehemu hurudi kwao, lakini kwanza mgane huulizwa mara tatu.

"Shemeji, humu ndani muko kitu yako?" aliuliza Mwenya, kaka mkubwa wa marehemu.

"Hapana."

"Muko kitu yako?"

"Nimesema hapana!"

"Shemeji, ya tatu njo hii."

"Mubebe yote! Bibi yangu ameisha kwenda, bitenge itanisaidia nini?"

Watu wakaguna. Sanduku likapakiwa kwenye gari, likaenda Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kwa Mwenya. Na chini ya vitenge, katika bahasha ya kaki, mlikuwa na diploma ya Wivine, binti wa pekee wa Floribert na Angélique, ambaye saa ile alikuwa ndani analia pamoja na wanawake.

Wivine alimaliza shule mwaka wa 2023, upande wa biashara. Siku matokeo yalipotoka walimmwagia poda kichwani kwa shangwe hadi mtaa mzima ukapiga chafya. Tangu siku hiyo alikuwa na neno moja tu: atakuwa expert-comptable, yule mhasibu aliyekula kiapo, ambaye asipotia sahihi, hesabu za kampuni kubwa hazipiti. Lakini diploma yenyewe ililala Kinshasa miaka miwili, juu ya meza ya mkubwa fulani ambaye watoto wake, Floribert angeapa, wanasoma Ulaya. Ilipowasili hatimaye mwezi wa Agosti, Angélique aliibusu, akaificha sandukuni. Floribert alimwona kwa macho yake. Siku ya kilio, hasira ilimfutia yote.

Sasa taasisi ya mjini, ambako Wivine alitaka kusomea uhasibu, ilitaka diploma halisi, si nakala, na uandikishaji ungefungwa Ijumaa, tarehe 31 Oktoba. Wivine alipopekua nyumba nzima, ndipo baba yake alipokumbuka. Alikaa chini kama mtu aliyepigwa rungu.

Alhamisi, siku moja kabla, baba na binti walishuka Kasumbalesa, wakapita kwa miguu kati ya malori yaliyopangana hadi macho yanachoka. Mwenya, ambaye kazi yake ni kupitisha mizigo ya watu forodhani, aliwapokea sebuleni. Bahasha ilikuwa mezani, mkono wake juu yake.

"Karibu, shemeji. Umekuya kukamata kitu ulisema haiko yako?"

"Iko ya mutoto wangu."

"Mutoto wako?" Mwenya alicheka kwa pua. "Kwetu mutoto ni wa tumbo ya mama. Mujomba njo anaamua."

"Kwetu Kabalo mutoto ni wa baba! Uliza fasi yote, kila kijiji!"

"Basi Kabalo ikuzalie mwingine. Huyu atavuka mupaka. Kule Zambia, Kitwe, kuko masomo: anatoka shule, anaanza mitihani ya uhasibu palepale, anatumika kazi huku anasoma. Kwenu je? Miaka tatu ya licence ya chuo kikuu, mbili ya master, tatu ya stage, kujifunza kazi chini ya muntu mwenye kiapo. Nane! Na bakubwa benu, karatasi moja tu balilalia miaka mbili."

Neno hilo la bakubwa lilimchoma Floribert, kwa kuwa lilikuwa lake. Kila siku alilisema pale kwenye lango la villa ya tajiri, katika mtaa wa Golf, alikokuwa mlinzi.

"Mujomba," Wivine alisema polepole, "hesabu za huku zinafuata sheria ya huku, na kwa Kifaransa. Nikitoka na karatasi ya Zambia, sitatia sahihi huku mpaka nifanye mitihani ingine."

"Njo ubakie kule!"

"Na baba atabakia na nani?"

Floribert aliinua kifua. "Umesikia? Umesikia?"

"Na wewe, baba," msichana alimgeukia, "nikibakia, na karatasi ya licence ikilala tena Kinshasa? Nitakuwa na miaka ngapi?"

Kifua kikashuka. Floribert alinyoosha mkono, akaishika bahasha. Mwenya hakuachia. Wanaume wawili wenye mvi wakavutana, kaki ikachanika *kwaa!* kwenye pembe.

"Mutaipasua!" Wivine alipiga kelele. "Mutangojea ingine miaka ngapi?"

Wote wawili wakaganda, mikono juu ya bahasha ileile.

"Sawa," Mwenya alisema, jasho likimtoka. "Tufanye sawa kwa kilio. Mara tatu. Jibu ikitoka, hakuna muntu anairudilia." Akamtazama mpwa wake. "Wivine, unaenda kusomea wapi?"

Nje lori lilipiga honi.

"Wivine, unaenda kusomea wapi?"

Msichana alitazama bahasha, si mjomba, si baba.

"Ya tatu iko yako, shemeji. Weye njo unajua namna ile ya tatu inaumaka."

Floribert alijua. Ulimi ulimwasha kuamuru: simama, twende, wewe ni wa Kabalo. Miaka ishirini alikuwa ameamriwa, fungua lango, funga lango, na hakuna aliyewahi kumuuliza uamuzi wake isipokuwa siku ile ya kilio. Na siku hiyo alijibu kabla ya kufikiri. Kesho ni Ijumaa. Aliondoa vidole vyake kwenye bahasha, kimoja kimoja. Mwenya naye akaondoa vyake.

"Wivine, mama," Floribert alisema, "unaenda kusomea wapi?"