Kamusi na Haya za Mawifi

Mhariri wa miswada aliitwa Mkasi, wala hakujua kushona. Jumatatu asubuhi aliusoma mswada kwa sauti mbele ya aliyeuandika, tena kwa lafudhi ya mtangazaji wa taarifa ya habari, ili uchungu uingie vizuri.

"'Ewe mume wangu, usaliti wako umetikisa misingi ya uaminifu tulioujenga kwa jasho na subira.'" Akashusha miwani. "Huyu mwanamke ana sufuria mkononi, si ndiyo?"

"Ndiyo. Anapakua chakula."

"Kitakuwa kimeshapoa. Amehutubia ukurasa mzima na nusu."

Mwandishi alikuwa binti mwembamba ambaye ofisi nzima ilimwita Kamusi, kwa kuwa hakuweza kumsikia mtu akisema "masaa" bila kumkatiza: "Saa." Alikuwa na stashahada ya uandishi wa tamthilia, alikuwa na ulimi, na Kiswahili alikipenda mno. Alikipenda hivi kwamba wahusika wake wote, kuanzia babu mpaka dereva wa teksi, walizungumza kama yeye.

Kisa chenyewe kilikuwa chepesi. Mume amefukuzwa kazi lakini kila asubuhi anafunga tai, anaondoka, anakwenda kushinda kwenye benchi la bustani. Mke amegundua. Jioni mume anarudi, wanakaa mezani.

"Sikiliza, mwanangu," alisema Mkasi. "Funika majina ya wahusika kwa karatasi, usome maneno yao tu. Usipojua nani anasema, basi hujaandika watu wanne, umejiandika wewe mara nne. Halafu, mtu hasemi kinachomuuma. Anasema kilicho jirani nacho. Toka kwenye hiyo kompyuta ukasikilize watu."

"Na nisipoweza?"

"Ijumaa waigizaji wanasoma. Nikiikuta hotuba, sehemu hii nampa Bwana Mvua."

Bwana Mvua alikuwa mwandishi wa meza ya pili, na katika tamthilia zake hakuna aliyewahi kulia mahali pakavu. Hii ilikuwa sehemu ya kwanza ambayo jina la Kamusi lingepita kwenye runinga. Kumwachia mtu yule ailoweshe? Bora ang'olewe jino.

Akaenda kusikiliza watu. Kituoni watu walikuwa wameinamia simu. Dukani walisema "nipe ile" na "hii hapa". Jumanne ikaisha hajapata hata ugomvi wa kufutia machozi. Ndipo shetani mdogo alipomnong'oneza: kama ugomvi hauji, si uupike?

Nyumbani waliishi watatu: yeye, mama yake, na shangazi yake, dada wa marehemu baba. Sebuleni shangazi alikuwa na kiti chake dirishani, ambacho hata wageni walikiogopa. Mama alikuwa na cherehani yake kwenye kona ya giza. Jumatano, mawifi wakiwa wametoka, Kamusi alikivuta kiti kwenye giza na kuiweka cherehani dirishani. Kisha akasimama kwenye korido na pasi mkononi, akinyoosha shuka lililokwisha kunyooka.

Mama aliingia kwanza. Akaiona cherehani, akavua mtandio. Shangazi akafuata. Akakiona kiti, akaukaza wake.

"Wifi," alisema shangazi, "leo chumba kina mwanga."

"Umeona, eh?"

"Nimeona. Mwanga mzuri sana kwa mtu mwenye kazi."

"Kumbe ndivyo," alisema mama. "Ujumbe umefika, wifi."

"Hata mimi wangu umenifika."

"Gauni lako utalipata."

"Gauni? Nani ametaja gauni hapa?"

"Hujataja. Wewe una haja gani ya kutaja?"

"Mimi mtu wa kuambiwa hivyo?"

"Haya, wifi."

"Haya."

Mlango mmoja ukafungwa polepole. Wa pili ukafungwa polepole zaidi.

Kwenye korido, shuka lilikuwa limeanza kutoa moshi. Kamusi alilitazama bila kuliona. Shangazi alidhani mama amemnyang'anya dirisha. Mama alidhani shangazi amemsogezea cherehani ili kumsuta kwa lile gauni alilomwahidi kumshonea tangu msimu uliopita. Wawili wamegombana, kila mtu ugomvi wake, na neno "kiti" halikutoka kinywani mwa yeyote! Na ile haya ya mama! Haikuwa haya ya kukubali, wala ya kuharakisha mtu. Ilikuwa haya ya kumfungia mtu mlango huku ukimtazama usoni. Ya shangazi ilikuwa komeo.

Furaha ile haikudumu. Kufikia Alhamisi asubuhi mawifi walikuwa hawasemezani ila kupitia kwake, ingawa meza ilikuwa moja.

"Mwambie mama yako chumvi iko mbele yake."

"Mwambie shangazi yako macho ninayo."

"Mwambie nafurahi kusikia. Na umwambie jioni nahamia kwa mwanangu, apate nafasi ya kushona."

Hapo Kamusi akaweka kijiko chini. "Ni mimi," alisema. "Kiti nilikihamisha mimi. Nilitaka kuwasikia mkigombana, kwa ajili ya tamthilia."

Wale wanawake wawili walitazamana kwa mara ya kwanza tangu jana.

"Wifi, umesikia?" alisema shangazi. "Tumefanywa sinema."

"Tena ya bure! Mimi nimekaa nalia chumbani kwa ajili ya gauni!"

"Umelia, wifi yangu? Pole. Gauni lenyewe nimeshanenepa, hata silitaki."

Wakapatana papo hapo, na kwa kuwa mtu aliyepatana lazima apate wa kumkalia kooni, wakamkalia yeye. Kiti kikarudi dirishani. Kikasogezwa kushoto kidogo. Kulia. Hapana, pale pa mwanzo palikuwa pazuri. Cherehani nayo ikazungushwa sebule nzima kama bibi harusi.

"Shangazi, mgongo unauma."

"Andika hilo, binti. Si unatafuta maneno?"

Mchana akaenda ofisini ameshika kiuno, akafuta. Akafuta usaliti, misingi, jasho na subira. Alipokuwa akifuta "ewe" aliona kama anang'oa kucha yake mwenyewe. Mume akasema: "Leo kazi ilikuwa nzito." Mke akasema: "Haya. Nawa mikono." Hotuba ya mume ya kuomba radhi hakuigusa. Ilikuwa na sentensi tamu mno.

Ijumaa wakakaa kuizunguka meza. Mkasi kichwani mwa meza, Bwana Mvua pembeni, kalamu yake ikiwa imeshafunuliwa. Mke alisomwa na mwigizaji wa makamo mwenye sauti ya kikohozi, mume akasomwa na jamaa aliyeitwa Mashavu.

"Leo kazi ilikuwa nzito," alisoma Mashavu.

Mwigizaji hakukimbilia mstari wake. Alimtazama tai, akamtazama viatu.

"Haya," alisema. "Nawa mikono."

Kalamu ya Bwana Mvua ikalala mezani. Mtu mmoja akajikuna bila kuwashwa.

Mashavu akakohoa, akageuza ukurasa. "'Mke wangu, laiti ungeujua uzito wa fedheha inayoniandama—'"

"Simama!" Kamusi alikuwa ameruka kitini. "Hajui kwamba amejulikana. Anaombaje radhi? Futa."

"Nifute kipi?"

"Yote. Mpaka chini."

"Dada, hiyo ni mistari yangu kumi na mbili! Nimeikariri bafuni!"

"Pole, kaka. Futa."

"Na mimi nifanye nini hapo?"

"Wewe kula."

Mashavu alimgeukia Mkasi kama mtoto anayemshtaki mwenzake, lakini Mkasi alikuwa ameegemea kiti na mikono kifuani. Hakukuwa na msaada upande ule. Kwa hasira akamega tonge la hewa, akatafuna. Mwigizaji akaendelea kumtazama. Tonge la pili lilikwenda taratibu. La tatu Mashavu alilishika tu, macho yakashuka mezani, na kila aliyekuwepo akamwona mume aliyeshinda kwenye benchi.

"Sehemu ni yako," Mkasi alimwambia Kamusi, kama mtu anayeomba apitishiwe maji. "Twende onyesho linalofuata."

Mashavu alifunua kurasa upesi, uso ukamchangamka. "Aa, hapa sawa. Hapa nina mistari mingi."

Kamusi alikuwa ameshashika kalamu.

"Ulikuwa nayo," alisema.