Shuka za Mzee Trebelio

Bomba la mtaa lilikuwa halijatoa tone kwa siku tisa. Vibidia dobi alikuwa na mapipa ya mkojo wa kung'arishia nguo, hana maji ya kusuuzia. Hivyo ndivyo waheshimiwa wa Roma wanavyong'ara: kwa mkojo wa makabwela. Nguo zisiposuuzwa, wananuka walivyo.

Maji yalitoka milimani, yakapita juu ya matao yaliyojengwa kwa migongo ya watu, na kwa ukame wa mwaka ule yakafika yote kwa tajiri Trebelio, yakaishia kurukaruka bustanini mwake, vinywani mwa samaki wa mawe. Kaisari alikuwa amempa mzee kibali cha kujivutia maji nyumbani, na kibali hufa na mwenyewe. Siku ya kifo, mdomo wa shaba wenye muhuri hung'olewa kwenye bomba lake, na maji hurudi mtaani.

"Shoga," Vibidia alimwambia jirani yake Petilia, "kila asubuhi nililetewa shuka za yule mzee, zimelowa chapa. Leo siku ya kumi na mbili sijaziona. Amepona kibofu?"

"Labda amepona yote."

Wakacheka. Kisha Vibidia akaacha kucheka, akakusanya mtaa mzima na kumburuta mkaguzi wa maji mpaka langoni kwa Trebelio. Mkaguzi alikuja akitafuna tini za bustani ile ile.

"Baba amepumzika," alisema Rufo, mtoto wa mzee.

"Ndicho tunachosema, bwana mkubwa," alijibu Vibidia. "Tumwite basi."

Rufo akageuka rangi. Maiti huitwa jina mara tatu, awe Kaisari au mchukuzi. Asiyeitika ndiye wa kuliliwa.

"Trebelioo!" Kimya.

"Trebelioo!"

Rufo alikuwa ameshachomoka ndani. Sauti ya kutetemeka ikatoka nyuma ya mlango: "Nipo, wanangu!"

"Makubwa! Kibogoyo yule, kifo kimemrudishia meno!" akapiga kelele Petilia.

Mara ya tatu Vibidia aliita taratibu, kama mtu anayeita wake. Ndani, yaya kizee aliyemuuguza Trebelio, aliyekatazwa kulia siku kumi na mbili, akashindwa. Akaangua kilio. Watumwa wote wakamfuata.

Mkaguzi akameza tini. Mbele ya umati ule, hata mla rushwa huikumbuka sheria. Akaagiza nyundo.

Alasiri bomba la mtaa likakohoa, likatema kutu, likatoa maji. Vibidia akasuuza kwanza shuka moja nyeupe, akaipeleka kwa Trebelio bure, ya kumzikia. Miaka themanini na minne mzee alikuwa hajaupa mtaa kitu. Sasa alikuwa ametoa.