Mtu wa Kumi na Tisa Uwanjani Gilmurra

Jumamosi ile nilikuwa na kazi moja tu: kuhakikisha wachezaji wetu walio uwanjani ni kumi na nane. Mmoja anatoka kwenye lango la benchi, ndipo mwingine anaingia. Kazi ya kumpa mtu asiyejua mpira, na mimi nimezaliwa ndani ya mpira huu wa kwetu, unaochezwa kwa miguu na mikono, watu kumi na nane kila timu. Nikaiharibu.

Baba yangu alipokuwa akicheza, ligi yetu ilikuwa na klabu kumi na nne. Mvua zikapungua, mashamba madogo yakamezwa na makubwa, shule zikafungwa, na klabu zikaanza kuungana mbili mbili, baadaye tatu tatu. Njiani kwenda Yandit utaona milingoti minne ya goli imesimama katikati ya ngano, hakuna uwanja, hakuna mji. Hapo ndipo mama alipompata baba. Sasa tumebaki klabu sita. Mwezi wa tatu mkutano wa ligi ulituambia waziwazi: Gilmurra hamjashinda hata mechi moja kwa misimu miwili, na wa tatu ukiisha hivyo klabu inavunjwa, wachezaji wanagawanywa. Hii ilikuwa mechi ya mwisho ya msimu wa tatu. Zilikuwa zimebaki dakika kumi na mbili, na tulikuwa tunaiongoza Yandit kwa pointi tisa.

Ndipo baba mkwe wangu, Clarrie, aliponyanyua mkono kule pembeni ya mbali. Ana miaka hamsini na saba. Tulimchezesha kwa sababu vijana wamekimbilia migodini. Nikajua amechoka.

"Tully, ingia!" nikamwambia mwalimu wa shule aliyekuwa akingoja benchi, akaruka kama aliyefunguliwa kamba.

Clarrie hakuja. Mama mkwe, Dot, alikuwa amepiga honi ya pikapu yake nyuma ya goli, na mzee alikuwa akimpungia mkewe. Basi! Miaka thelathini ya ndoa na bado wanapungiana.

Nikahesabu. Kumi na tisa. Nikahesabu tena kwa kuanzia upande wa pili, nikiomba nimekosea. Kumi na tisa.

Kila mtu huku anaijua sheria. Nahodha wa wapinzani akimwomba refa hesabu, mchezo unasimama, timu zinapangwa mstari katikati, watu wanahesabiwa vichwa. Ukizidi mmoja, pointi zako zote zinafutwa. Si tisa zile. Zote, tangu filimbi ya kwanza. Nikipiga kelele, Yandit watasikia. Nikimtuma mtu amwite Clarrie, atalazimika kukatiza uwanja mzima mbele ya macho ya watu mia tatu. Nikakaa kimya, na kimya kile kilinitia aibu.

"Rae, una nini wewe? Umekuwa mweupe kama unga," akasema kocha wetu.

"Baridi," nikasema.

Kisha nikaisikia sauti kutoka benchi la Yandit, lile lililojaa makoti. Kocha wao alikuwa amesimama juu ya ndoo. "Brodie! Itisha hesabu! Wamezidi hao, itisha hesabu!"

Brodie Hickmott ndiye nahodha wao, mkulima wa dengu, mtu wa miaka thelathini na nne mwenye pua iliyovunjika mara mbili. Akageuka, akanitazama mimi moja kwa moja. Nikajua ameona. Nikafikiria uwanja huu ukilimwa, na milingoti yetu katikati ya ngano.

Kule mbali, Clarrie alimtazama Tully. Akatazama huku na kule, midomo ikichezacheza. Alikuwa anahesabu. Refa alikuwa upande wa pili na mpira, mgongo wake kwetu. Mzee akachechemea, akavuka mstari, akapita kati ya magari na kuingia kwenye pikapu ya Dot, akafunga mlango. Sheria inataka atokee kwenye lango la benchi letu.

Brodie alikuwa ameinama anafunga kamba za kiatu. Akazifungua, akazifunga tena.

"Brodie, umekuwa kiziwi? Hesabu!"

Ndipo akanyoosha mkono kwa refa.

Walipangwa mstari kwenye tope. Honi zote zilinyamaza. Refa akapita akigusa kila bega, na mimi nikihesabu naye. Kumi na sita. Kumi na saba. Kumi na nane. Akafika mwisho wa mstari, akapiga filimbi mchezo uendelee.

Tulishinda kwa pointi tatu. Magari yalipiga honi mpaka betri zikaomba radhi, watu wazima walilia, na Clarrie akatoka kwenye pikapu akidai alikwenda kunywa chai. Sikuweza kuimba wimbo wa klabu. Nilimkuta Brodie kwenye dirisha la kibanda cha supu.

"Dada Rae, mwakani nunua miwani," akasema.

"Uliona."

"Niliona kumi na tisa kabla yako. Kocha akijua atanichinja, kwa hiyo kula supu yako, usimwambie mtu."

"Sasa kwa nini ulingoja?"

Akaacha kutabasamu. "Nyinyi mkifa zinabaki klabu tano. Tano si ligi, dada. Ikivunjika, sisi tutacheza na nani? Na nani atatuchukua?"

Akaondoka na kikombe chake. Nikawatazama Yandit wakipanda magari. Mtu mmoja akaenda kwenye lile benchi lao, akayabeba makoti yote kwa mkupuo. Chini ya makoti hapakuwa na mtu, na hapakuwa na mtu mechi nzima. Hawakuwa na mchezaji hata mmoja wa akiba.

Nikawahesabu. Kumi na nane. Nikahesabu tena kwa kuanzia upande wa pili, nikiomba nimekosea.